Mizani ya Nyumba Zetu, Nasi Tuuone Uso Wake

Siku hizi katika mitaa yetu ya Gisenyi, kuanzia Mbugangari hadi Rugerero, na huko juu kwenye vilima vya Nyundo na Kanama wanakokaa wachumaji wa chai, ameingia mgeni ambaye wengi wetu bado hatumjui vizuri. Ni kijana mwenye simu mkononi, utepe wa kupimia mfukoni na daftari kwapani. Anabisha hodi, anaizunguka nyumba, anapiga picha ukuta, paa, choo na mti wa parachichi, anauliza maswali matatu manne, kisha anaaga. Kabla jua halijatua, kazi yake imekwisha fika Kigali kwa njia ya mtandao. Mwenye nyumba amebaki mlangoni akijiuliza: Ameandika nini huyu?

Kijana huyo ni mthamini mwanagenzi. Anajifunza kazi ya kupima thamani ya ardhi na majengo, chini ya mthamini aliyekwisha kuandikishwa. Leo tunapenda kuzungumza habari zake na habari za ripoti anayoituma, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi wa viwandani na mashambani kuliko linavyomgusa tajiri. Tajiri ana wakili wake na mthamini wake. Sisi tuna nyumba moja tu.

NYUMBA NDIYO AKIBA YETU

Kila mfanyakazi anajua kwamba mshahara haukai. Unaingia tarehe ya mwisho wa mwezi, na tarehe kumi ya mwezi unaofuata umekwisha liwa na unga, ada na dawa. Kinachobaki baada ya miaka ishirini ya jasho ni matofali. Ni kile kiwanja kidogo, msingi wa mawe ya volkano, mabati yaliyonunuliwa matano matano, na vyumba viwili vya uani vya kupangisha. Hiyo ndiyo benki ya mnyonge.

Benki hii hupimwa hasa katika nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni pale tunapotaka mkopo na kuiweka nyumba rehani. Wakati wa pili ni pale serikali inapohitaji ardhi kwa manufaa ya umma, iwe barabara, shule, soko au kingo za mto, na sisi tunatakiwa kuhama kwa kulipwa fidia. Katika nyakati zote mbili haulizwi mwenye nyumba peke yake. Inaulizwa ripoti. Ripoti ikisema kumi, mwenye nyumba hawezi kupata ishirini kwa kulia.

Tena ripoti ya benki mara nyingi huwa na hesabu mbili, na wengi wetu hatujui hivyo. Hesabu ya kwanza ni bei ya soko, yaani fedha ambazo mnunuzi na muuzaji wasio na haraka wangepatana. Ya pili ni bei ya kuuza kwa haraka, kama ile ya mnada, nayo iko chini zaidi. Benki kwa kujilinda huangalia sana hiyo ya pili. Basi mwenzetu anayesikia mitaani kwamba nyumba yake ni ya fedha nyingi, akifika dirishani anashangaa kuona mkopo mdogo, na anadhani ameibiwa. Pengine hakuibiwa, ila hakuna aliyemsomea ripoti.

SHERIA IMESEMA NINI

Kazi ya uthamini hapa Rwanda si kazi ya kubahatisha. Sheria Na. 17/2010 ya tarehe 12 Mei 2010 ndiyo iliyoipa taaluma hii utaratibu wake, ikaanzisha Taasisi ya Wathamini wa Mali Isiyohamishika. Kabla na baada ya hapo ikafanyika kazi kubwa ya kuandikisha ardhi nchi nzima, na kufikia mwaka 2013 vipande zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimekwisha pimwa na kuandikwa. Kila kipande kina namba yake inayoonyesha jimbo, wilaya, murenge, kagari na kiwanja chenyewe. Tangu Januari 2023 hati za ardhi zenyewe zinatolewa kwa njia ya mtandao, si tena karatasi ya kuweka chini ya godoro.

Kwa habari ya fidia, Sheria Na. 32/2015 ya tarehe 11 Juni 2015 iliweka mambo ambayo kila mfanyakazi angefaa kuyajua kama anavyojua saa za zamu yake. Mwenye mali alipwe thamani ya ardhi na ya vilivyomo juu yake, na aongezewe asilimia 5 kwa ajili ya usumbufu wa kuhama. Fidia ilipwe katika siku 120 tangu kuidhinishwa. Asiyeridhika na hesabu aandike sababu zake katika siku 7 baada ya ripoti kukubaliwa na yule anayetwaa ardhi. Halafu, kwa gharama yake mwenyewe, atafute mthamini mwingine anayetambuliwa na Taasisi ili apime upya, na ripoti hiyo ya pili iwe tayari katika siku 10.

Hebu tuzihesabu vizuri hizo siku 7. Zamani ripoti ilipobebwa kwa bahasha, habari zilitangulia. Dereva aliambia karani, karani aliambia jirani, na mwenye nyumba alijua. Leo ripoti inaruka kwa dakika moja. Inaweza kupokewa na kukubaliwa ofisini wakati mwenye mali yuko kwenye mistari ya chai au kwenye mashine ya kufungia chupa, hajui lolote. Anapokuja kusikia, siku tatu zimekwisha liwa. Zikibaki nne, kuna Jumamosi na Jumapili ndani yake. Haraka ya mtandao ni jambo zuri, lakini isiwe haraka ya upande mmoja.

MFANO WA MIZANI YA CHAI

Wachumaji wa chai watatuelewa upesi. Mchumaji ameamka alfajiri, amepanda kilima, amejaza kikapu. Anafika kituoni, kikapu kinawekwa kwenye mizani, karani anaandika. Mchumaji anataka mambo mawili tu: auone uso wa mizani, na apewe kijikaratasi chenye kilo zake. Mizani ya sindano au mizani ya umeme, kwake ni mamoja. Hajawahi mchumaji mwenye akili kusema mizani ivunjwe. Anachosema ni kwamba isigeuziwe ukutani.

Ripoti ya thamani ni mizani. Ndani yake tunapimwa jasho la miaka ishirini, si la asubuhi moja. Basi kwa nini kwa kikapu cha majani tudai kuuona uso wa mizani, na kwa nyumba tunyamaze?

Mwenzetu mmoja, mama mchumaji wa miaka mingi, aliomba mkopo ili amalizie ada ya mtoto na kuezeka upya. Kijana alikuja, akapima, akapiga picha. Mvua ilikuwa inanyesha na simu ilikuwa karibu kuzimika. Vile vyumba viwili vya uani, ambavyo ndivyo vinavyomlipia mama huyu kodi ya kila mwezi, havikuingia katika ripoti. Mkopo ukatoka nusu ya alioutegemea. Alipomtafuta yule kijana, aliambiwa ripoti imekwisha tumwa na haiguswi tena. Alipouliza ni nani aliyetia sahihi, jina likawa la bwana mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kilima kile. Na jina la kijana aliyeloa mvua halikuwamo kabisa.

Hatumtaji mtu wala ofisi, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Nia yetu ni kuuonyesha ugonjwa wenyewe.

MWANAGENZI NI MFANYAKAZI MWENZETU

Baadhi yetu tukisikia habari kama hiyo tunakimbilia kumlaumu kijana. Tusifanye hivyo. Kila mmoja wetu alikuwa mwanagenzi siku moja. Aliyeko leo kwenye mitungi ya bia katika kiwanda kilichoanzishwa hapa kwetu mwaka 1957 alianza kwa kufagia sakafu. Fundi umeme alianza kwa kushika ngazi. Mwanagenzi hukosea, na ndiyo maana amewekewa fundi.

Kosa linakuja fundi anapomwachia mwanagenzi kazi yote na yeye akabaki na sahihi peke yake. Mtandao umelirahisisha jambo hili. Zamani mthamini alilazimika angalau kuishika karatasi ili aitie kalamu. Leo akimpa kijana neno lake la siri, kijana anaweza kupima, kuandika, kutia sahihi ya bwana wake na kutuma, bwana hajafungua hata ukurasa mmoja. Hapo ripoti inakuwa na sahihi ya mtu ambaye hakuona, na aliyeona hana jina. Likitokea kosa, mkubwa atasema "kijana ndiye aliyejaza", na kijana atasema "mimi sikutia sahihi". Na mwenye nyumba ndiye atakayelipa.

Tunawaambia vijana hao kama tunavyowaambia vibarua wetu: kukubali kutumia neno la siri la mwingine ni sawa na kuendesha mashine kwa kadi ya mwenzako. Siku mkono ukikatika, vitabu vitasema hukuwako kazini.

Na tuseme wazi kwamba kijana huyu naye anaonewa. Anayelipwa kwa hesabu ya ripoti atapima nyumba nyingi kwa siku moja na hawezi kupima vizuri hata moja. Anayejilipia nauli ya kupanda vilima ataishia kwenye barabara ya lami, na nyumba za mbele atazikisia. Mshahara mbaya wa mpimaji huzaa kipimo kibaya cha nyumba ya mfanyakazi. Kwa hiyo haki yake na haki yetu ziko katika chungu kimoja.

WENGINE WANAFANYAJE

Jambo hili si la Rwanda peke yake. Majirani zetu wa Kenya walizindua mfumo wao wa ardhi wa mtandao, Ardhisasa, tarehe 27 Aprili 2021. Tanzania ilitunga sheria yake ya uthamini na uandikishaji wa wathamini mwaka 2016, na huko yupo Mthamini Mkuu wa Serikali ambaye ripoti za fidia hupita mkononi mwake. Huko Marekani, ripoti za nyumba zinazowekwa rehani zimekuwa zikipitia lango la kompyuta kwa sehemu kubwa tangu mwaka 2012.

Lakini katika hao Wamarekani kuna la kujifunza. Kanuni za wathamini wao zinataka msimamizi wa kawaida asiwe na wanagenzi zaidi ya watatu kwa wakati mmoja, na awe amefanya kazi akiwa na cheti kwa miaka isiyopungua 3. Mwanagenzi huweka daftari la kazi alizofanya. Aliyesaidia kwa kiasi kikubwa katika kupima lazima atajwe ndani ya ripoti. Sahihi ya kompyuta iwe mikononi mwa mwenyewe tu. Na mafaili ya kazi hutunzwa kwa miaka isiyopungua 5, ili kukiwa na ugomvi pawe na mahali pa kurejea. Hayo si mambo ya anasa, na fundi yeyote wa kweli angeyakubali. Hatusemi tuige kila kitu cha ng'ambo. Tunasema kwamba kama wenye mashine nyingi kuliko sisi bado wanadai kujua ni nani aliyeingia ndani ya nyumba, na sisi hatuna sababu ya kutojua.

TUSIDANGANYANE KURUDI KWENYE KARATASI

Wako wazee wanaosema: Basi turudi kwenye bahasha na muhuri. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao.

Sisi watu wa Rubavu tunajua karatasi inavyokufa. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi na nyumba za hapa mjini zikapasuka na kuanguka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika, ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Nyumba iliyosombwa haipimwi tena kwa utepe. Kama kulikuwa na picha zake na vipimo vyake vilivyotunzwa mbali na maji, huo ndio ushahidi unaobaki kwamba kulikuwa na vyumba vinne hapa, na siyo viwili. Bahasha iliyokuwa kabatini ilikwenda ziwani pamoja na kabati.

Tena kazi ya kompyuta, ikifanywa kwa uaminifu, huacha nyayo. Picha inaweza kuonyesha saa na mahali ilipopigwa. Faili linaweza kuonyesha limetumwa na nani na lini. Mtu akibadilisha hesabu usiku, inajulikana. Karatasi iliweza kuchanwa na nyingine ikaandikwa, na hakuna aliyejua. Basi mashine hii inaweza kuwa rafiki wa mnyonge, maadamu mnyonge naye anaruhusiwa kuiangalia.

TUNAYOYATAKA

Tunayataka mambo matano, na tunadhani hayazidi uwezo wa mtu.

Kwanza, kabla ripoti haijatumwa, mwenye mali asomewe vilivyoandikwa: idadi ya vyumba, aina ya kuta na paa, vipimo, miti na mazao. Asomewe kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi hii mwaka 2017, nacho ndicho lugha ya soko letu na mpaka wetu. Kumpa mchumaji kurasa za Kiingereza au Kifaransa ili atie dole gumba si kumsomea.

Pili, apewe nakala yake, kwenye simu au kwenye karatasi, siku ileile inapotumwa. Hicho ndicho kijikaratasi chetu cha kilo.

Tatu, ripoti itaje majina mawili: la mwanagenzi aliyefika nyumbani na la mthamini anayeijibia. Na kila mmoja awe na neno lake la siri.

Nne, ripoti ikiwa ni ya fidia, mwenye mali ajulishwe kwa maandishi siku ileile inapokubaliwa, ili siku 7 zake ziwe 7 kweli.

Tano, mwanagenzi alipwe nauli na ujira wa heshima, na asipangiwe nyumba nyingi kuliko ambazo miguu yake inaweza kuzifikia kwa siku moja.

NA SISI TUNA WAJIBU WETU

Haki bila wajibu haisimami. Mthamini akija, tusijifiche na tusimwachie mtoto funguo. Mke na mume wote walioandikwa katika hati wawepo, maana mali ni ya wote wawili na deni litakuwa la wote wawili. Tutafute namba ya kiwanja mapema. Tufungue kila chumba, tuonyeshe na mpaka pia. Tusimpe kijana "chai" ili aongeze hesabu, kwa sababu anayenunuliwa na wewe leo atanunuliwa na mwingine kesho dhidi yako. Tuandike jina lake, siku aliyokuja na saa aliyoondoka.

Na kwa habari ya kupima upya, ni kweli kwamba mthamini wa pili ni ghali kwa mshahara wa mfanyakazi mmoja. Lakini barabara ikipita katika kijiji, haipiti katika nyumba moja. Wenye nyumba kumi wakichanga, wanaweza kumwita mthamini mmoja awapimie wote kwa safari moja. Hapo ndipo kamati za chama katika kila kiwanda na kila shamba zinapopaswa kuamka. Kila tawi liwe na mtu mmoja anayezijua siku hizo za sheria na anayeweza kuifungua ripoti katika simu na kuwasomea wenzake. Wengi wetu tuna watoto waliosoma. Tuwatume.

Vijana wathamini tunawaalika waje katika mikutano yetu. Waje watueleze kazi yao, na sisi tuwaeleze nyumba zetu. Atakayesikia jinsi bati moja linavyonunuliwa kwa mshahara wa mchumaji hataliruka bati hilo anapohesabu paa.

Ndugu wafanyakazi, mizani mpya imekwisha fika na haitarudi ilikotoka. Anayesimama mbali nayo atapimwa akiwa hayupo. Tusogee karibu, tuuone uso wake, tudai kijikaratasi chetu.

Umoja ni nguvu.